Spoku Thelathini na Sita

Shimo halikuwa na sura ya shimo.
Lilikuwa dimbwi limetulia, limebeba wingu,
nami nikaliamini kama mtu aaminivyo
uso uliooshwa asubuhi.
Gurudumu la mbele likatumbukia, kishindo
kikapanda mikononi, kikaishia menoni.

Miche ya kabichi ikamwagika njia nzima,
mia mbili na kumi, mizizi juu,
kama darasa lililosikia mwalimu hayupo.

Nikaiinua pikipiki. Nikalizungusha gurudumu.
Lilikwenda kama mlevi aijuaye njia ya kwao
lakini si upana wake.
Ringi imebonyea, kidole gumba kinalala ndani.
Spoku nne zimekatika,
ya tano imejipinda, inanikonyeza.

Nikasukuma kilomita sita kuelekea Pfutsero.
Mvua ya Julai katika milima ya Wanaga
haina haraka, hunyesha kama kibarua
anayelipwa kwa siku.
Nikalitukana lori lililonipita,
nikaitukana mvua, nikaitukana serikali
ya jimbo, kisha ile ya Delhi,
hadi nikaishiwa na watu.

Hapana. Alibaki mmoja.

Keneisenuo hakuniuliza kitu.
Akalifungua gurudumu, akaibana ekseli kwenye jiliwa,
akashika chaki karibu na ringi, akazungusha:
palipoguswa na chaki ndipo penye kosa.
Kisha akazidonoa spoku moja moja kwa ukucha,
kichwa ameinamisha, kama anayesikiliza tumbo la mtoto.
"Hii inaimba. Hii imenuna.
Hii inaitikia tu, haimo."

Nikamwambia, basi kaza zilizolegea.
Akanitazama kwa mara ya kwanza.
"Kila mtu hukaza iliyolegea.
Anza na ya upande wa pili,
ile iliyovuta na kuvuta
mpaka ikajiona yenyewe ndiyo gurudumu."

Nyundo ya mbao. Kimya. Nyundo.
"Ni pale kwenye kona, chini ya kanisa?"
Ni pale.
"Ile barabara alijenga nani vile?"
Anajua. Mji mzima unajua.
Nikajifanya naangalia mvua.

Alijenga Viketuo, kaka yangu, tumbo moja.
Alipaka lami kama siagi
kwenye mkate wa mgeni asiyetakiwa.
Siku ya uzinduzi tulichinja nguruwe watatu,
na sala ya shukrani niliiomba mimi,
ndefu, yenye machozi.
Na hii pikipiki, ikiwa na utepe mwekundu kwenye usukani,
alinikabidhi jioni ileile.

Mfuko mmoja umezaa mapacha:
pacha mmoja namwendesha,
mwingine ananisubiri kwenye kona.

Rupia mia nane. Nikatoa elfu moja,
nikasema abaki na chenji.
Akanihesabia mia mbili yangu kiganjani,
polepole, noti kwa noti.
"Itakufikisha," akasema. "Lakini chuma kilichokunjwa
hakisahau. Utakisikia."

Nikakisikia. Tik, kila mzunguko. Tik.

Kwenye kona nikashuka, nikaokota miche.
Mia moja arobaini na tatu; mingine
ilikuwa imeshalala na alama za tairi.
Nikakata tawi la mlosi, nikaingia dimbwini kulisimika
ili anayekuja nyuma yangu asidanganyike na wingu.
Maji yakanifika magotini.
Hapo ndipo simu ikalia.

"Mdogo wangu, umefika?"
Nimefika kwako, nikamjibu.
Nimesimama ndani ya kazi yako.
Akacheka, yeye hunicheka vile tangu utotoni,
nami nikamwacha acheke mpaka akachoka.
Kisha nikamwomba anyamaze kidogo.
Nikalinyanyua gurudumu la mbele kwa bega,
nikalizungusha kwa mkono wenye matope,
na simu nikaiweka karibu na spoku.